Uyoga wa Kichuguu Unaobadilika Sura: Utatuzi wa Utata katika Kuutambua na Kuuainisha

Mvua za kwanza zikishalainisha ardhi ya Nyanda za Juu Kusini, na kumbikumbi wakisharuka na kuacha mbawa zao chini ya kila taa ya barabarani, huanza msimu ambao mtu anayejishughulisha na utambuzi wa uyoga hapumziki. Uyoga wa kichuguu huchomoza kwenye bonde la Usangu, kwenye miombo ya Chunya, kandokando ya mashamba ya kahawa ya Mbozi na kwenye tambarare za Iringa. Kila msimu hutokea mtu akaleta kikapu chenye kofia tatu zisizofanana hata kidogo, moja nyeupe kama maziwa, moja ya kijivu na moja ya hudhurungi, akiuliza inawezekanaje zote zikapewa jina moja. Wakati mwingine huja na swali la kinyume chake, ambalo ni zito zaidi: kofia mbili zilizofanana kabisa, na mtu mmoja ameambiwa ale, mwingine ameambiwa atupe.

Mwongozo huu unashughulikia maswali hayo kwa kuanzia kwenye dalili, yaani kile unachokiona mkononi, na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo chake. Uyoga unaozungumziwa ni wa jenasi ya Termitomyces, iliyopewa jina hilo na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942, nayo ina takriban spishi 30 zinazokubalika, zote zikiishi kwa kutegemeana na mchwa. Mkazo wangu uko kwenye kundi la Termitomyces striatus, kwa kuwa ndilo linalosumbua kuliko mengine kwa kubadilika rangi, ukubwa na hata kuwa na pete au kutokuwa nayo. Ieleweke mapema kwamba kutambua spishi ni kazi ya sayansi na si kibali cha kupika. Anayetaka kula na afuate wenyeji wanaokula uyoga huo kutoka sehemu hiyo hiyo, na hata hivyo asile kitu ambacho bado kinabishaniwa.

Umbo la kuanzia

Ili mtu ajue kilichoharibika ni lazima ajue kilicho kizima. Uyoga wa kichuguu uliokomaa una kofia ambayo katikati yake pana ncha ngumu, iliyo nyeusi au ya hudhurungi zaidi ya sehemu nyingine. Ncha hiyo ndiyo inayotoboa udongo wakati uyoga unapopanda juu, na ndiyo maana huwa ngumu kuliko nyama inayoizunguka. Chini ya kofia kuna vibamba vyembamba vilivyojipanga kama kurasa za kitabu, ambavyo havishikani na shina. Huanza vikiwa vyeupe na baadaye huingia rangi ya waridi hafifu. Shina ni gumu, lenye nyuzinyuzi, na halina kikombe wala mfuko kwenye kitako chake. Badala ya kuishia ardhini, shina huendelea kushuka kama mzizi, wakati mwingine kwa zaidi ya mita moja, mpaka kwenye sega ambalo mchwa wamelijenga kwa mabaki ya mimea waliyoyala na kuyatoa.

Katika Termitomyces striatus ukingo wa kofia una mistari inayotoka katikati kuelekea nje, na kofia ikizeeka hupasuka kwa kufuata mistari hiyo. Hiyo ndiyo sifa iliyoupa jina lake, na ndiyo inayodumu zaidi kidogo kuliko rangi.

Dalili: kichuguu kimoja kimetoa uyoga wa rangi mbili

Hili ndilo tatizo linaloletwa mara nyingi kuliko yote, na watu wengi hulitatua vibaya kwa sababu huanza kutafuta majina mawili kabla ya kuuliza kama kuna uyoga wa aina mbili. Kuna jambo ambalo utafiti wa vinasaba umelithibitisha kuhusu mchwa hawa: kwa kawaida koloni moja hulima kuvu wa nasaba moja tu. Shamba lao ni la zao moja, bila mchanganyiko, kama mkulima wa Mbozi aliyepanda kahawa kutoka kwenye mche mmoja. Kwa hiyo kofia nyeupe na kofia ya kijivu zilizotoka kwenye koloni moja ni, kwa lugha ya nasaba, mwili uleule uliochomoza mahali pawili. Tofauti yoyote unayoiona kati yake imeletwa na mazingira.

Hapa ndipo kichuguu kinapogeuka kuwa chombo cha kazi. Ukikaa na kichuguu kimoja kwa siku nne au tano mfululizo, ukichukua kofia asubuhi na jioni, utaona kwa macho yako ni kiasi gani uyoga huu unaweza kubadilika bila kuwa mwingine. Kofia iliyotoka usiku chini ya kivuli cha majani hubaki nyeusi zaidi. Ndugu yake aliyechomoza upande wa jua hupauka ndani ya siku moja. Mvua kubwa huosha magamba ya juu na kuacha uso laini uliofifia. Udongo mwekundu hutia doa la kutu ambalo wengi hulidhani ni rangi ya asili, lakini likifutwa taratibu kwa kitambaa chenye maji huondoka. Umri nao huongeza lake, kwa kuwa kofia hutanuka na rangi iliyokuwa imekusanyika katikati hutawanyika. Mtu akishaona hayo yote kwenye kichuguu kimoja, atakuwa na kipimo cha kutumia kwenye vichuguu vingine: tofauti iliyo ndogo kuliko ile aliyoishuhudia haimpi sababu ya kuanzisha jina jipya.

Lakini kanuni hii ina mtego wake, nami niliuingia mwenyewe. Mwezi Januari mmoja, kwenye kichuguu kilichokuwa pembeni mwa shamba la mpunga upande wa Chimala, nilikuta kofia pana zilizopauka upande wa juu na kofia ndogo za hudhurungi zenye ncha kali kwenye ubavu wa chini. Niliandika kwenye daftari kwamba ni spishi moja yenye sura mbili, nikafunga kikapu. Babu mwenye shamba alikuwa amesimama akiegemea jembe, akaniuliza kama nimechimba. Nikamjibu kwamba hakuna haja, kwani kichuguu ni kimoja. Akacheka, akasema, "Mjukuu wangu, nyumba ni moja, wapangaji ni wawili." Tulichimba pamoja hadi saa nane mchana. Mizizi ya kofia zilizopauka ilishuka wima kuelekea katikati ya kichuguu, ikawa minene kama kidole gumba. Mizizi ya zile ndogo, myembamba kama uzi wa kushonea viatu, ilikata kona sentimita 20 hivi chini ya uso na kuingia kwenye vyumba vidogo ndani ya ukuta, ambako kila sega lilitosha kwenye kiganja cha mkono. Hata mchwa waliotoka humo walikuwa wadogo kuliko wale wa katikati.

Babu alikuwa sahihi. Vichuguu vikubwa vya mchwa wa jenasi ya Macrotermes mara nyingi huhifadhi ndani ya kuta zake makoloni ya mchwa wengine wadogo, wakiwemo wa jenasi za Microtermes na Odontotermes, nao wana mashamba yao ya kuvu yaliyo tofauti. Kwa hiyo kanuni isomeke hivi: sega moja, uyoga mmoja. Kichuguu kinaweza kuwa na masega ya wenyewe wengi, na njia pekee ya kujua kofia mbili ni za nani ni kufuata mizizi yake mpaka mwisho.

Dalili: uyoga hauna mzizi

Chanzo cha kwanza, na ambacho ningekikisia kabla ya kuona chochote, ni kwamba umekatwa. Anayechuma kwa ajili ya sufuria hana sababu ya kuchimba. Kando ya barabara kuu kati ya Iringa na Mafinga, msimu ukikolea, beseni hujaa kofia safi zilizokatwa sawasawa na ardhi. Nilipomsalimia mama mmoja pale, "Kamwene mama," akaitikia, na nilipomuuliza mizizi iko wapi akanitazama kwa huruma: "Mizizi nani atanunua, mwanangu? Mteja anataka nyama." Ana haki. Ila sampuli kutoka kwenye beseni lake haiwezi kufikishwa kwenye jina la spishi kwa uhakika, na heri aliyeinunua akubali hivyo kuliko kulazimisha jina.

Chanzo cha pili ni kukatika. Mzizi huwa mwembamba ghafla mahali shina linapokutana na udongo mgumu, na ukivuta kwa mkono hukatika hapo hapo, ukaacha ncha iliyochongoka inayoonekana kama mwisho halisi. Tazama sehemu hiyo kwa makini: mwisho wa kweli umefunikwa na ngozi, ambayo katika spishi kadhaa ni nyeusi, lakini mahali palipokatika huonyesha nyuzi nyeupe zilizochanika. Dawa yake ni kuchimba kwa subira. Usianze kwenye shina. Chimba shimo la pembeni, umbali wa kiganja kizima, lishuke kuliko unavyodhani inatosha, kisha bomoa udongo kuelekea kwenye uyoga kwa kijiko au kwa kijiti. Panga huharakisha mwanzo wa kazi na huharibu mwisho wake.

Chanzo cha tatu ni halali kabisa. Termitomyces microcarpus, uyoga mdogo ambao kofia yake kwa kawaida haizidi sentimita 2 au 3, hauna mzizi mrefu kwa kuwa hauhitaji kusafiri. Mchwa wa jenasi ya Odontotermes hubeba vipande vya sega na kuvitandaza juu ya ardhi, na kuvu huota juu ya vipande hivyo kwa mamia, kama mtama uliomwagika. Ukikuta zulia la namna hiyo, fukua kidogo tu juujuu. Utaona chembechembe za sega chini ya mashina. Zikikosekana chembechembe hizo, usijiridhishe kwa udogo pekee, maana uyoga mdogo mweupe upo wa kila namna. Udogo na ukubwa katika jenasi hii haviaminiki hata kidogo: pamoja na huyo mdogo yupo Termitomyces titanicus, aliyepewa jina mwaka 1980 kutoka Zambia, ambaye kofia yake huweza kufikia upana wa mita 1.

Chanzo cha nne ndicho kinachotisha. Uyoga hauna mzizi kwa sababu si wa kichuguu, ingawa umeota juu yake. Udongo wa kichuguu una rutuba na unyevu, na kuvu wengine huupenda kama mboga zinavyoupenda. Ukikuta kitako cha shina kimevimba na kukaa ndani ya kikombe au mfuko, acha mara moja kufikiria Termitomyces. Kikombe hicho ni alama ya jenasi ya Amanita na ya jamaa wa Volvariella. Katika miombo yetu zipo Amanita zinazoliwa tangu zamani, na mojawapo, Amanita mafingensis, ilipewa jina la Mafinga, lakini ni ndani ya jenasi hiyo hiyo ndimo zimo spishi zenye amatoksini, sumu inayoua ini na isiyoharibiwa na moto wa jikoni. Kwa kuwa kikombe kiko ardhini, anayekata juu huacha shimoni ushahidi pekee ambao ungemwokoa.

Niruhusiwe jambo moja la pembeni hapa. Katika bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa nchi yetu, wanajiolojia walipata viota vya mchwa vilivyogeuka mawe vikiwa na masega ya kuvu ndani yake, na umri wake ulikadiriwa kuwa takriban miaka milioni 25. Taarifa yao ilitoka mwaka 2016. Sisi tunaobishana juu ya rangi ya kofia tuko jirani na ushahidi wa zamani kuliko wote unaojulikana wa kilimo hicho, na ushahidi huo ni wa sega. Kofia huoza kwa siku tatu.

Dalili: mmoja una pete, mwingine hauna

Hili halihitaji maneno mengi. Katika kundi la striatus pete ni utando mwembamba unaochanika, hunata kwenye shina au kwenye ukingo wa kofia, na mara nyingi huoshwa na mvua. Tafuta mabaki kwenye uyoga mchanga ambao kofia yake haijafunguka. Hapo utando bado umefunga vibamba. Ikiwa pete ni nene, imesimama imara na kudumu hadi uzeeni, na ncha ya kofia ni kubwa yenye magamba, elekeza macho kwa Termitomyces letestui. Jaribio moja la haraka lina thamani kubwa: shika pete kwa vidole viwili na ujaribu kuisogeza. Pete ya Termitomyces imeshikamana na shina. Pete inayopanda na kushuka kama ya kidoleni ni ya uyoga wa jamii ya mwavuli, na baadhi ya jamii hiyo ni sumu.

Dalili: chapa ya spora haikutokea, au imetokea kwa rangi isiyotarajiwa

Chapa ya spora, yaani alama ya unga wa chembe za uzazi za uyoga, hupatikana kwa kukata shina na kuilaza kofia, vibamba vikitazama chini, juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi, kisha kuifunika kwa bakuli usiku kucha. Ya Termitomyces huwa ya waridi hafifu, wakati mwingine karibu na rangi ya krimu. Nusu nyeusi ya karatasi inasaidia kutofautisha chapa nyeupe na karatasi tupu, jambo ambalo limewapoteza wengi wanaotumia karatasi ya daftari.

Ikiwa asubuhi hakuna kitu, sababu kubwa ni tatu. Kofia ilikuwa changa mno, nayo haijaanza kuachia spora. Au ilikauka njiani, hasa ikibebwa nyuma ya pikipiki kutoka Chunya hadi Mbeya mjini bila kufunikwa kwa majani. Au ililoa kupita kiasi, na spora zikabaki zimegandamana kwenye vibamba. Katika hali ya kukauka, tone moja la maji juu ya kofia (si kwenye vibamba) kabla ya kuifunika husaidia. Nyumba za Mufindi zina baridi usiku hata wakati wa mvua. Bakuli likae jikoni, si barazani. Na kama umeshindwa kabisa, rudi kwenye kichuguu utazame kofia zilizoota zikibanana: ile ya juu huwa imeshamwaga unga wake juu ya ile ya chini, na hapo chapa umeandaliwa bure.

Chapa ikiwa nyeupe kabisa, una Amanita, au jamii ya mwavuli, au kitu kingine, lakini si Termitomyces. Ikiwa ya kijani iliyofifia, jibu ni moja: Chlorophyllum molybdites. Huyu hupenda nyasi, nyua na maeneo ya mifugo, ni mkubwa, mweupe, ana magamba ya hudhurungi katikati ya kofia ambayo kwa mbali hufanana na ncha, na vibamba vyake hubaki vyeupe kwa muda mrefu kabla ya kugeuka kijani. Nimewahi kusimama mbele ya kundi la vijana pembeni mwa zizi la ng'ombe na kuwaonyesha uyoga huo kwa kujiamini kama mfano mzuri wa uyoga wa kichuguu, kwa sababu tu kichuguu kilikuwa hatua tano kutoka hapo. Nilikuwa nimekata juu, nikisema mzizi tunaujua. Asubuhi yake, kijana mmoja aliyekuwa amepewa kazi ya kuweka chapa aliniletea karatasi bila kusema neno. Ilikuwa na duara la kijani kama ukungu wa mkate. Nashukuru hakuna aliyekuwa ameondoka na kofia moja kwenda nayo nyumbani, kwani anayeila hutapika na kuharisha ndani ya saa moja hadi tatu.

Chapa ya waridi nayo isikulaze usingizi. Jenasi ya Entoloma, yenye spishi kadhaa za sumu, hutoa chapa ya waridi pia, na Volvariella vivyo hivyo. Tofauti iko kwingine: vibamba vya Entoloma kwa kawaida hushikana na shina, na Volvariella ina kikombe kitakoni. Mwenye hadubini atamaliza ubishi kwa dakika chache, kwa kuwa spora za Entoloma zina pembepembe, ilhali za Termitomyces ni laini na zina umbo la yai, na zikitiwa iodini hazigeuki bluu nyeusi. Asiye na hadubini arudi kwenye mzizi. Mzizi unaofika kwenye sega (au, kwa Termitomyces microcarpus, chembechembe za sega chini ya shina), vibamba visivyoshikana na shina, na chapa ya waridi: vitatu hivyo vikikutana mkononi mwako, una Termitomyces. Kimoja kikikosekana, bado huna.

Dalili: hakuna kichuguu karibu

Si kila mchwa anayelima kuvu hujenga mlima. Spishi nyingi za Odontotermes na Microtermes huishi chini ya ardhi tambarare, na katika mashamba ya mahindi ya Iringa vichuguu vingi vimesawazishwa kwa trekta huku koloni likibaki hai chini. Mwenye shamba hukumbuka kilipokuwa; muulize yeye kabla ya kumuuliza mtaalamu. Lakini uyoga uliochomoza ndani ya shamba la misonobari, kama yale ya Sao Hill, uutazame kwa jicho jingine kabisa. Huko wengi ni kuvu waliokuja nchini pamoja na miti hiyo ya kigeni na wanaoishi kwenye mizizi yake, kama Suillus, ambao chini ya kofia wana vitundu badala ya vibamba.

Dalili: kofia imekaa kama yai refu na haifunguki

Uyoga huo husimama juu ya kichuguu kama kijiti cha ngoma, mweupe, mkavu, na ukiupasua ndani una unga mweusi au wa hudhurungi. Huyo ni Podaxis. Hatafunguka hata ukimsubiri wiki nzima, na hahusiani na mjadala huu.

Dalili: majina yanagongana

Mtu ana jina la kilugha alilopewa na bibi yake, jina la kisayansi kutoka kwenye orodha ya zamani, na jina la tatu kutoka kwenye programu ya simu, na yote matatu hayapatani. Chanzo chake mara nyingi ni kwamba kila jina limejengwa juu ya sifa tofauti. Jina la kilugha hufuata matumizi na mahali, kwa hiyo linaweza kubeba spishi mbili au tatu zinazopikwa kwa namna moja. Hilo si kosa, ni mfumo mwingine. Majina ya kisayansi ya zamani katika jenasi hii yaliegemea sana rangi. Ndani ya striatus yamewahi kutolewa majina ya vikundi vidogo kwa kufuata rangi ya kofia, na ule wa rangi ya machungwa iliyokoza, uliohesabiwa kwanza kuwa aina ya striatus, sasa huitwa Termitomyces aurantiacus. Programu ya simu, kwa upande wake, inaona picha ya kofia kutoka juu, yaani sehemu ileile inayodanganya kuliko zote. Mimi huitumia kukumbuka majina ya jenasi na siiamini kwa spishi yoyote.

Vipimo vya mtaani nivitaje kwa sentensi moja: kijiko cha fedha kinachobadilika rangi, kitunguu saumu kinachogeuka buluu na konokono anayeutafuna uyoga bila kufa havithibitishi chochote, na vimeshazika watu duniani kote.

Dalili: mtu ameshakula na anaumwa

Hapa kazi ya utambuzi inageuka kuwa ya dharura. Uliza saa aliyokula na saa aliyoanza kuumwa. Kutapika ndani ya saa chache huelekeza kwenye sumu za tumbo kama ile ya Chlorophyllum, japo mlo wa mchanganyiko unaweza kuficha sumu nyingine ndani yake. Dalili zinazoanza baada ya saa 6 hadi 24 ni za kuogopwa zaidi, kwa sababu ndivyo amatoksini hufanya kazi. Tena humpa mgonjwa nafuu ya uongo kwa muda kabla ini halijaanza kushindwa. Katika hali zote mbili mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kusubiri nafuu, pamoja na mabaki ya uyoga, yawe mabichi, yaliyopikwa au maganda ya jalalani, na mtu mmoja arudi mahali ulipochumwa achimbe kitako kilichobaki.

Dalili: sampuli imefika ikiwa haitambuliki

Kabla hujalaumu uyoga kwa kubadilika, hakikisha hukuubadilisha wewe. Uyoga uliofungwa kwenye plastiki hutoka jasho na kugeuka uji; tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019 tatizo hilo limepungua, ingawa ndoo yenye mfuniko hufanya uharibifu uleule. Tumia kikapu, na kila sampuli izungushiwe gazeti lake. Piga picha kabla ya kung'oa, baada ya kung'oa, na ya mzizi mzima ukiwa umelazwa kando ya rula. Andika rangi siku hiyo hiyo, kwa mwanga wa mchana, kwa kuwa sampuli ikikaushwa hugeuka kahawia iwe ilikuwa nyeupe au ya kijivu. Ikate kwa urefu na uikaushe taratibu kwa joto la nyuzi 40 hadi 45 mpaka ivunjike kama kaukau, kisha itie bahasha ya karatasi. Hifadhi ya mimea ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sampuli za uyoga wa nchi hii, na sampuli yako inaweza kulinganishwa na zilizoko ikiwa tu karatasi iliyoambatana nayo inasema ilitoka wapi.

Katika karatasi hiyo, mbali na tarehe, kijiji na mwinuko, tia mchwa wenyewe. Chukua askari watatu au wanne na vibarua wachache kutoka kwenye sega ambalo mzizi uliishia, watumbukize kwenye kichupa chenye spiriti, na ukipe kichupa namba ileile ya bahasha. Kofia ikifika kwa mtaalamu imepauka na pete imepotea, askari hao bado watamwonyesha ni mchwa gani aliyekuwa akiulima uyoga huo, na kwa hilo peke yake ataweza kuondoa kwenye orodha yake majina kadhaa kabla ya kufungua bahasha.